Chumba cha juu kinawaka, cha chini kinabaki baridi: historia ya ghorofa na mabati, kutoka Unguja hadi Masisi

RUBAYA, Masisi. Saa 8 za mchana, mvua ikisha kukatika na jua likirudi, mabati ya Rubaya huanza kulia. Ni chuma kinachopanuka na kuvuta misumari. Mama aliyekuwa amelaza mtoto chumba cha juu humshusha, kwa sababu huko juu hakukaliki tena. Saa 10 za usiku, bati lilelile limekuwa baridi kama jiwe la mtoni, na matone ya maji yanaanguka juu ya blanketi.

Mjini hali hii inajulikana zaidi. Goma, nyumba yenye chini na juu huitwa etaje, na etaje zimeongezeka sana katika miaka 20 iliyopita. Mwezi wa 2 mwaka 2025, kambi zilizozunguka mji huo zilipobomolewa, familia za wahamishwa wa vita ziligawanyika. Wengine walirudi Masisi na Walikale, wengine walibaki mjini na kutafuta chumba cha kupanga. Anayefika wa mwisho hupata chumba kilichobaki, na mara nyingi chumba kilichobaki ni kile cha juu kabisa, chini ya bati. Watu waliozoea baridi ya milimani wakajikuta wanalala ndani ya tanuru, huku jirani wa chini akijifunika blanketi mbili.

Kwa nini nyumba moja inakuwa na hali mbili? Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba aliye juu yuko karibu na jua. Hilo si kweli. Jua liko mbali na dunia kwa kilomita milioni 150 hivi, na ngazi ya mita 3 haipunguzi kitu katika safari hiyo. Tena, kama kuwa juu kungeleta joto, Masisi ingekuwa na joto kuliko Kindu, na kila dereva wa lori anajua kwamba ni kinyume.

Historia inatoa jibu lingine. Kuna wakati, na kuna mahali ambapo Kiswahili hiki kinachosemwa Kivu kilitokea, ambapo chumba cha juu ndicho kilichokuwa chumba cha baridi, na ndicho alichojiwekea mwenye nyumba.

Unguja: juu kulikuwa kwa mwenye mali

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba za ghorofa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa. Kuta zake ni nene, mara nyingi nusu mita au zaidi. Sakafu ya juu ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hazina urefu mkubwa, vyumba vilikuwa vyembamba na virefu. Katikati ya nyumba uliachwa ua ulio wazi hadi juu. Barabara zilikuwa nyembamba, na ukuta wa nyumba moja ulitia kivuli ukuta wa nyumba ya pili.

Chini kulikuwa na duka, ghala na mizigo. Chini pia walikaa watumishi na watumwa. Juu ilikaa familia ya mwenye nyumba, kwa sababu huko ndiko upepo ulikofika bila kuzuiwa na kuta za jirani: kaskazi kuanzia mwezi wa 12, kisha kusi katikati ya mwaka. Hewa iliyopata joto ndani ya nyumba ilipanda kupitia ua na kutoka, na hewa ya kivulini iliingia kutoka chini kuchukua nafasi yake. Paa la zamani lilikuwa bapa, la mawe na chokaa nzito. Jua lilichukua saa nyingi kulipasha, na joto lilipofika ndani usiku ulikuwa umeingia na madirisha yalikuwa wazi.

Paa hilo bapa lilikuwa na kasoro moja kubwa: lilivuja. Ndiyo maana baadaye nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliezekwa mabati ya mteremko juu ya paa la zamani. Lakini tazama kilichotokea. Bati liliwekwa juu ya paa lingine, na kati yake kukabaki nafasi ambamo upepo unapita. Bati liliwaka, nafasi ile ikapitisha joto nje, na paa la chokaa likabaki kivulini.

Mwaka 1883 Sultani Barghash bin Said alijengewa jumba linaloitwa Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Lilizungukwa na varanda pana kwenye kila ghorofa, zilizobebwa na nguzo za chuma, na katikati lilikuwa na ukumbi mrefu unaopanda hadi juu. Varanda zilizuia jua lisiguse ukuta. Ukumbi ulitoa joto nje. Jumba hilo lilisimama hata baada ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 mwezi wa 8 mwaka 1896. Sehemu yake ilianguka siku ya Krismasi mwaka 2020, likiwa katika matengenezo.

Lamu, kwenye pwani ya Kenya, wajenzi wa zamani waliongeza akili moja ndogo: jiko mara nyingi liliwekwa juu kabisa ya nyumba. Anayepika juu hutuma joto na moshi angani. Anayepika chini huvituma kwa wanaolala juu.

Historia hii ina upande wake mchungu. Baridi ya chumba cha juu ilikuwa ya mtu mwenye watu wa kumbebea maji na kuni ngazi nzima. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria kisiwani humo hadi mwaka 1897. Tangu zamani, kujua ni ghorofa ipi yenye baridi kulimaanisha pia kujua nani ana uwezo wa kuchagua mahali pa kulala.

Neno lililosafiri na misafara

Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Nyangwe na Kasongo, katika Maniema ya leo. Ilitafuta pembe za ndovu na watumwa, na iliacha vijiji vilivyochomwa. Mkubwa wao aliyejulikana zaidi, Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliitawala biashara hiyo kutoka Kasongo na akafa Unguja mwaka 1905. Majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji wa Kasongo mwaka 1893.

Misafara ilileta Kiswahili, na ilileta pia nyumba ya pembe nne yenye baraza mbele. Ghorofa haikuja, kwa sababu udongo na miti havibebi uzito kama mawe ya matumbawe. Lakini baraza ilikubalika, na Wabelgiji nao wakaichukua. Katika Kifaransa cha Kongo, varanda ya nyumba inaitwa barza, neno lililotoka moja kwa moja katika Kiswahili. Mkoloni alikaa kwenye barza jioni kwa sababu ileile iliyomkalisha mzee wa Unguja kwenye baraza: kivuli kilichoachwa wazi pande zote ndicho mahali penye hewa.

Katika milima ya Masisi wakati huo, watu walikaa katika nyumba za nyasi. Paa la nyasi lililofungwa vizuri ni nene kama mkono, na ndani yake kuna hewa nyingi iliyofungwa kati ya shina na shina. Hewa iliyofungwa hivyo hupitisha joto polepole sana. Mchana jua halikufika ndani. Usiku joto la moto wa katikati halikukimbia upesi. Moshi ulipenya taratibu kati ya nyasi. Tatizo la baridi na joto lilikuwa limepata dawa yake, ingawa macho na mapafu yalilipa.

Hakuna haja ya kuzipamba nyumba hizo kupita kiasi. Cheche moja iliteketeza kila kitu. Panya na wadudu walizaliana juani na mvuani. Paa lilihitaji nyasi mpya kila mara, na nani ana muda wa kukata nyasi kila msimu wakati anakimbia vita? Bati lilipofika, watu hawakudanganywa walipolipenda.

Bati linasafiri, dari linabaki nyuma

Bati la mawimbi lilitoka London. Mhandisi Henry Robinson Palmer, aliyefanya kazi kwenye bandari ya mji huo, alilipatia hati ya ubunifu mwaka 1829. Karatasi nyembamba ya chuma ikikunjwa mawimbi hupata nguvu ya kujibeba yenyewe. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akasajili njia ya kukinga chuma na kutu kwa kukipaka zinki. Kuanzia hapo dunia nzima ilipata paa jepesi, lisilovuja, lisiloshika moto, linaloweza kubebwa kichwani kupanda mlima. Afrika Mashariki liliitwa mabati. Kongo wengi huliita manjanja.

Kivu, bati lilikuja na misioni, maduka, ofisi za serikali na mashamba ya wazungu. Mwaka 1928 ilianzishwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyogawa ardhi kwa walowezi, na milima ya Masisi ikaanza kujaa mashamba makubwa na ng'ombe. Nyumba ya mlowezi ilikuwa na bati au vigae juu. Lakini chini ya paa kulikuwa na dari, lile linaloitwa plafo. Kati ya paa na dari kulikuwa na nafasi, na kwenye kuta za pembeni kulikuwa na matundu ya kupitisha upepo katika nafasi hiyo. Paa lilitoka nje ya ukuta kwa mita nzima, na mbele kulikuwa na barza. Huo ulikuwa mpango uleule wa Mji Mkongwe: paa mbili, na upepo katikati.

Mfanyakazi wa shamba hilo alipopata fedha za kwanza alinunua bati. Hakununua dari, kwa sababu dari ni mbao na siku za fundi, na mvua haiingii hata kama dari halipo. Bati lilisafiri hadi kila kijiji, lakini dari lilibaki katika nyumba za wakubwa. Katika sentensi hiyo moja imo sehemu kubwa ya historia ya joto la vyumba vya juu.

Kwamba dawa ni nafasi kati ya paa mbili ilionyeshwa wazi ng'ambo ya mto. Mfaransa Jean Prouvé alibuni nyumba ya chuma na aluminiamu kwa ajili ya nchi za joto. Moja ilipelekwa Niamey mwaka 1949, na mbili zikajengwa Brazzaville mwaka 1951. Nyumba hizo zilikuwa na paa la nje lililorudisha mwanga wa jua, dari la ndani, na njia ya hewa kati yake iliyotoa joto kupitia tundu refu la juu. Zilikuwa za bati, na bado zilikalika. Hazikuenea, kwa sababu zilikuwa ghali. Miaka mingi baadaye ziling'olewa Brazzaville na kurudishwa ng'ambo, na mwaka 2007 moja iliuzwa New York kwa karibu dola milioni 5. Akili iliyokuwa ndani yake haikuuzwa. Yeyote anaweza kuichukua bure.

Goma inapanda juu

Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002, volkeno ya Nyiragongo ilipasuka na mto wa lava ukapita katikati ya Goma hadi ziwani. Zaidi ya watu 100,000 walibaki bila makazi. Watu walirudi na kujenga juu ya lava iliyopoa. Wengi walijenga kwa mbao na bati, kwa sababu ni vyepesi na vinaweza kuhamishwa. Wenye uwezo walijenga kwa mawe ya lava na matofali ya saruji. Kwa kuwa viwanja katikati ya mji vilikuwa vidogo na bei ilipanda, walianza kupanda juu. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 volkeno ilitema tena, na ujenzi ukaendelea.

Hapo ndipo mambo mawili yaliyokuwa mbalimbali yalikutana. Ghorofa ya pwani ilikuwa na paa zito, ua katikati na upepo wa bahari. Nyumba ya chini ya Masisi ilikuwa na bati bila dari. Etaje nyingi za leo zimechukua ghorofa kutoka kule na bati tupu kutoka huku. Chini kuna kuta nene za lava na sakafu ya zege juu ya kichwa, kwa hiyo kunabaki baridi mchana kutwa. Juu kuna ukuta wa mbao au tofali moja, na juu yake karatasi ya chuma isiyofika unene wa ukucha. Ni nyumba mbili zilizobebana.

Sababu tatu, si moja

Fundi anayeitwa kurekebisha nyumba ya namna hiyo hukuta sababu tatu zinazofanya kazi pamoja.

Ya kwanza ni paa. Bati lililopigwa na jua hurusha joto kwenda chini kama mbabula inavyorusha joto kwa mtu aliyekaa karibu nayo bila kuigusa. Joto hilo haliondoki kwa kufungua dirisha peke yake, kwa sababu halibebwi na hewa. Linasafiri kama mwanga, na huzuiwa na kitu kilichowekwa kati: dari, mkeka, ubao. Usiku bati hufanya kinyume. Linarusha joto lake kwa anga iliyo wazi, linapoa kuliko hewa yenyewe, na mvuke wa pumzi za watu unageuka maji kwenye uso wake. Ndiyo yale matone juu ya blanketi.

Ya pili ni hewa. Hewa yenye joto ni nyepesi, hupanda. Hewa baridi ni nzito, hushuka. Ngazi ya nyumba ni kama bomba la moshi: kila mbabula inayowashwa chini hutuma joto lake juu, na kila tone la baridi la juu hushuka chini. Kama juu hakuna tundu la kutokea, joto linakusanyika chini ya bati kama watu kwenye mlango uliofungwa.

Ya tatu ni ukuta na saa. Ukuta mnene wa mawe hupokea joto polepole na kulirudisha polepole. Ukuta mwembamba hupokea na kurudisha papo hapo. Ndiyo maana juu kunawaka saa 8 mchana na kuganda saa 10 usiku, na chini hakubadiliki sana.

Hata kwenye nyumba zenye mashine

Mtu anaweza kufikiri kwamba mwenye fedha za kununua mashine ya kupoza hewa ameepuka haya yote. Mashine hiyo ilibuniwa na Willis Carrier mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji cha Brooklyn, ambako unyevu ulikuwa unaharibu karatasi. Baadaye ikaingia majumbani. Leo maelfu ya Wakongo waliopelekwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi za Uganda, Burundi, Rwanda na Tanzania wanakaa huko, na wengine wao wako katika nyumba za mbao zenye chini na juu. Wanakutana na tatizo lilelile la Goma.

Kule, mara nyingi nyumba nzima ina mashine moja, na kifaa kinachoiambia mashine iwake au izime kiko ukutani, chini. Chini kukifikia baridi iliyotakiwa, mashine inazima. Juu bado kunawaka, lakini kifaa hakina habari. Mtu akishusha kipimo ili walio juu wapate nafuu, walio chini wanavaa makoti na bili ya umeme inapanda. Mafundi wa huko huanza kwa kuziba mabomba ya hewa yanayovuja darini, kuongeza sufi ya kuzuia joto juu ya dari, na kuhakikisha hewa ya moto ya juu ina njia ya kurudi kwenye mashine. Baada ya hapo ndipo hugawa nyumba mara mbili, kila ghorofa na kipimo chake na vilango vyake ndani ya mabomba, au huongeza mashine ya pili kwa ajili ya juu. Kazi ya kwanza ni ileile ya Mji Mkongwe: kutengeneza paa na kuipa hewa njia.

Kazi inayoanza juu

Kwa anayekaa kwenye etaje ya kupanga, au anayerudi Masisi kujenga upya, mpangilio wa kazi unafuata historia hiyo. Unaanza na kisichohitaji fedha.

Kwanza, saa za madirisha. Mchana, dirisha la upande wa jua lifungwe au lizibwe kwa kitambaa cheupe kwa nje, na la upande wa kivuli lifunguliwe. Jioni, jua likisha kuzama, madirisha ya juu yafunguliwe pande zote mbili kwa saa moja au mbili ili joto la mchana litoke. Kisha yafungwe kabla baridi ya usiku haijaingia, lakini tundu dogo libaki.

Pili, mbabula. Isipikiwe chini ya ngazi. Ikae nje, kwenye barza au uani. Nyumba nyingi zitapata nafuu kwa hatua hii peke yake.

Tatu, matundu. Tundu moja halitoshi, kwa sababu hewa haiingii mahali isipoweza kutokea. Yanahitajika mawili yanayotazamana, karibu na paa, yenye wavu wa kuzuia mbu na popo. Mwenye nyumba akikubali, safu moja ya matofali yenye matundu chini ya bati hufanya kazi mchana na usiku.

Nne, dari. Kwa mwenye fedha kidogo, hiki ndicho cha kununua kabla ya rangi, kabla ya pazia, kabla ya feni. Linaweza kuwa la mbao nyembamba za mikaratusi, la matete yaliyofungwa, au la mikeka iliyovutwa vizuri. Nafasi ya shibiri mbili au zaidi iachwe kati yake na bati, na nafasi hiyo iwe na matundu pande mbili, la sivyo joto litabaki humo. Liwe mbali na taa ya moto, mshumaa na nyaya za umeme zisizofunikwa. Magunia ya plastiki na turubai havifai juu ya vitanda, kwa sababu vikishika moto vinadondosha matone yanayochoma.

Tano, rangi. Bati jeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Bati lenye kutu au rangi nyeusi hulimeza. Rangi nyeupe juu ya bati husaidia mchana, lakini haizuii baridi ya usiku. Dari hufanya yote mawili.

Sita, mlango wa ngazi. Mlango, au hata pazia zito, juu ya ngazi huzuia joto la chini lisipande mchana na baridi ya juu isishuke usiku.

Kwa walio bado chini ya turubai

Familia ambazo bado ziko kwenye vibanda hazina ghorofa, lakini sheria ya hewa ni moja. Turubai mbili zilizoachana kwa kiganja kimoja ni bora kuliko mbili zilizolaliana. Nyasi kavu zilizofungwa juu ya turubai hupunguza joto la mchana na baridi ya alfajiri, mradi moto uko mbali. Tundu dogo juu ya mlango hutoa joto na mvuke.

Kuna hatari mbili ambazo wakaaji wa eneo hili hawana budi kuzitofautisha. Mbabula yenye makala ikiingizwa ndani usiku ili kufukuza baridi hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi. Gesi hiyo hujaza chumba kizima, juu na chini, na waliolala hawaamki. Hakuna kiasi cha makala kilicho salama katika chumba kilichofungwa.

Hatari ya pili ni mazuku, gesi inayotoka ardhini sehemu za magharibi ya Goma, kuelekea Bulengo na Lac Vert. Hiyo ni nzito kuliko hewa. Hukusanyika kwenye mashimo na mabonde, hasa usiku usio na upepo, na imeua watu na mifugo. Ushauri wa kushuka chini kutafuta baridi hauna nafasi mahali kama hapo. Kwenye ardhi ya mazuku, anayelala chini ndiye anayekufa kwanza, na watoto, kwa kuwa ni wafupi, humezwa kabla ya wakubwa. Kitanda kiinuliwe, na shimo lolote lenye wadudu au ndege waliokufa likimbiwe.

Rubaya leo watu wanajenga, wanabomolewa, wanajenga tena. Mapigano yalipoufikia mji mwaka 2024, wengi waliondoka na mabati yao kichwani, kwa sababu bati ndiyo mali ya nyumba inayobebeka. Wanaorudi huanza na bati hilohilo, lenye matundu ya misumari ya zamani. Kuongeza dari si kazi ya siku ya kwanza wala ya pili. Lakini fundi anapopanga nguzo, anaweza kuziacha shibiri mbili ndefu zaidi, na kuacha matundu pande mbili juu ya ukuta, bila kuongeza hata franga moja. Siku familia itakapopata mbao chache au mikeka, nafasi itakuwa tayari, na mtoto hatahitaji kushushwa tena saa 8 za mchana.